Jinsi ya kukaa uswahilini ukisubiri mtaa uinuke (nimeishi Tandale, naandika ninachokijua)

Niko Tandale, Dar es Salaam, tangu 2016, na kabla ya hapo nilikaa Mkwajuni bondeni, hiyo nitaieleza. Karibu kila mwezi kuna mdogo wangu, wa damu au wa mtaani tu, ananipigia kuniambia kaka nimepata chumba Tandale au Manzese au Vingunguti, bei chee, nichukue nisichukue? Sasa nimeamua niyaandike yote sehemu moja. Sitaki kumtisha mtu, mi huku napapenda, watoto wangu wamezaliwa huku, kariakoo naenda kwa nauli ndogo, soko la nafaka liko mlangoni, na naamini kabisa hii mitaa itainuka maana nimeshaona vipande vyake vikiinuka kwa macho yangu. Ila kusubiri mtaa uinuke kuna namna yake. Siku neema ikija inawakuta wale walio kwenye orodha, wenye karatasi na wanaojulikana, wengine inawapita wakiwa wamebeba magodoro wanaelekea Chanika kutafuta chumba kingine.

Kabla hujatoa hata shilingi

Dalali atakupeleka saa kumi jioni, jua zuri, watoto wanacheza, korido imefagiliwa. Mpe hela yake ya kukuonyesha halafu rudi mwenyewe siku nyingine bila yeye. Ukiweza rudi siku mvua imenyesha, mwezi wa nne ndo mzuri zaidi, na kama ni kiangazi basi soma kuta. Inama uangalie ukuta wa nje kuanzia chini hadi usawa wa goti, ukiona mstari wa kahawia uliokwenda sawa nyumba nzima, au plasta imevimba na inamomonyoka ukiigusa, hapo maji yalisimama na yatarudi. Angalia milango ya majirani, kama kila mlango umejengewa kizingiti cha tofali mpaka unainua mguu kama unapanda ngazi, wale hawakujenga urembo. Chungulia chumba cha mpangaji mwenzio mlango ukiwa wazi (salimia kwanza), kama kitanda kimepandishwa juu ya matofali mawili mawili na friji iko juu ya meza, umeshapata jibu lako hata usiulize mtu.

Halafu tafuta X, ile alama nyekundu ya nyumba ya kubomolewa. Hii nawaambia kwa uchungu kabisa. Katikati ya 2015 nilipanga Mkwajuni, chumba kizuri, kimepakwa chokaa nyeupe ndani na nje, nikalipa miezi sita mkononi kwa mama mwenye nyumba. Mvua za vuli zilipoanza ile chokaa ya nje ikaanza kuchuruzika, siku ya kwanza ukaonekana mguu mmoja wa rangi nyekundu, baada ya siku mbili ukaonekana wa pili, X kubwa kuliko dirisha. Nikamuuliza mama akasema hiyo ya zamani baba, wameshaisahau. Desemba 2015 tingatinga zikaingia bondeni, nilitoka na godoro, jiko la mchina na ndoo mbili, na kodi yangu ya miezi iliyobaki sikuiona tena kwa sababu sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba niliwahi kuishi pale. Kwa hiyo ukikuta ukuta mmoja umepakwa upya na mingine mitatu imechakaa, uliza. Muulize mtu wa genge sio mwenye nyumba, mtu wa genge hana cha kupoteza akikwambia ukweli.

Na pima umbali wa mto. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, yaani kama hatua 80 za mtu mzima. Tembea uhesabu, iwe Msimbazi, iwe Mto Ng'ombe. Nyumba ikiwa ndani ya hapo unaweza kukaa, wengi wanakaa, mimi mwenyewe nilikaa, ila usilipe mwaka mzima mbele na usijenge kitu cha saruji.

Karatasi, karatasi, karatasi

Hapa ndo watu wa huku tunapoumia. Tunaishi kwa kuaminiana, na ni jambo zuri sana kwenye msiba na kwenye kukopeshana unga, lakini siku wanakuja watu wamevaa reflekta wanaandika nyumba kwa nyumba, kuaminiana hakuandikwi popote.

Mpangaji fanya hivi. Mkataba uandikwe hata kwenye karatasi ya daftari: jina la mwenye nyumba na lako, namba za NIDA, kodi kiasi gani, kuanzia lini mpaka lini, notisi miezi mingapi, na mjumbe asaini kama shahidi. Kodi lipa kwa simu ili ujumbe ubaki, na kama mzee hataki mambo ya simu basi akuandikie risiti na uipige picha palepale. Wiki ya kwanza nenda ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe, uandikwe kwenye daftari la wakazi. Watu wanaona usumbufu ila siku unataka barua ya utambulisho ya benki au ya kumtoa ndugu polisi unakuwa huanzi moja.

Ukitaka kujua orodha inafanya nini angalia Magomeni Kota. Wale walikuwa wapangaji wa nyumba za zamani za manispaa, nyumba zikabomolewa, watu wakatawanyika miaka na miaka wanasubiri, lakini walikuwa wanajulikana kwa majina, kaya 644. Machi 2022 Rais Samia alipozindua yale maghorofa walikuwepo kwenye hesabu. Wapangaji wale, sio wenye nyumba! Nikipita pale na daladala kila siku nawaangalia na roho yangu inafurahi.

Sasa linganisha na mpangaji wa kawaida wa uswazi. Kanuni za fidia za 2001 zinataja thamani ya mali, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi ya miezi 36 ya kodi ya soko, lakini ukizisoma vizuri zimeandikwa zaidi kumlenga mwenye mali. Miradi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia inahesabu na wapangaji, ila kuna siku ya mwisho ya kuhesabiwa, ukiwa kazini siku hiyo na jirani hajui hata jina lako la pili unaachwa. Bonde la Msimbazi mradi ulipoanza ni hivyo hivyo, watu walipitiwa nyumba kwa nyumba. Mwachie mjumbe namba yako ya simu, na mwachie jirani nakala ya mkataba wako.

Wewe mwenye kibanda chako, kama una ile hati ya mauziano tu ya serikali ya mtaa, usiridhike nayo. Sheria ya Ardhi ya 1999 ndo ilileta leseni ya makazi kwa watu wa maeneo yasiyopimwa, na Dar zoezi lilipigwa kwa nguvu kuanzia miaka ya 2004 na 2005, nyumba zaidi ya laki mbili zikatambuliwa, ila wengi hawakwenda kuchukua na waliochukua wengi wameiacha ikaisha muda maana ni ya miaka michache inahuishwa. Ihuishe. Na kama mtaani kwenu kuna urasimishaji unaendelea (kupima viwanja ili watu wapate hati) lipa mchango wako lakini dai risiti yenye jina la kampuni ya upimaji na kitalu chako, na vikao vya kamati hudhuria mwenyewe usimtume mtoto.

Umeme wa kuchangia

Ugomvi wa kwanza wa nyumba ya kupanga ni LUKU, wa pili choo. Nieleze kwa hesabu maana nimeona watu wanagombana bila kujua wanagombania nini. TANESCO wana tarifu ya matumizi madogo ya nyumbani, ambayo uniti 75 za kwanza za mwezi zinakuja kama sh. 122 kila moja pamoja na makato. Tarifu ya kawaida ni kama sh. 356. Nyumba ya vyumba nane mita moja lazima ivuke 75, kwa hiyo mnalipa wote 356. Mpangaji mwenye taa, feni, tv na kifriji anakula labda uniti 40, kwenye mita yake mwenyewe ni kama elfu tano kwa mwezi, kwenye mita ya kuchangia ni kama elfu kumi na nne. Hapo hata hakuna aliyeiba.

Kwa hiyo nyumba yenye mita mbili tatu ni bora kuliko nyumba yenye rangi nzuri. Kama ni mita moja, wekeni mita ndogo za ndani kila chumba, fundi wa mtaani anaweka, kila mtu anasoma namba zake mwisho wa mwezi mnaandika ukutani kwa kalamu. Pasi na jiko la umeme mkubaliane mapema.

Kuna na kodi ya jengo, inakatwa humohumo kwenye LUKU tangu 2021, ilianza buku kwa mwezi ikaja kuwa 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Hiyo ni ya mwenye nyumba. Ninyi ndo mnanunua umeme kwa hiyo mnaikatwa ninyi, andikeni kwenye mkataba kwamba itarudishwa au itapunguzwa kwenye kodi. Ni elfu kumi na nane kwa mwaka, sio hela ya kupigania ngumi, lakini mpangaji anayejua jambo lake mwenye nyumba anamheshimu.

Choo

Kabla ya kulipa nenda chooni. Washa tochi ya simu umulike kwenye tundu. Kikiwa kimejaa utaona, na kama nyumba ina wapangaji ishirini na shimo moja uliza kinanyonywa lini na gari linapita wapi, maana vichochoro vyetu hivi hata bajaji haipiti vizuri seuze gari la maji taka. Maeneo mengi ya Tandale maji ya ardhini yako juu, unachimba kidogo tu unakutana nayo, ndo maana vyoo vimejengwa kwa tairi na mapipa na vinajaa haraka. Na kuna tabia ya kutapisha, mvua kubwa ikinyesha usiku mtu anazibua shimo lake kwenye mfereji ili maji yabebe. Inabebwa mpaka mlangoni kwa mwenzio wa chini. Kipindupindu cha 2015 kilianzia Dar hapahapa Kinondoni mwezi wa nane, tulizika watu, na mimi nikimwona mtu anatapisha namwambia usoni hata kama ni mzee wangu, naanza na shikamoo halafu namwambia.

Njia inayofaa ni mchango wa kila mwezi wa choo, tofauti na kodi, buku au buku mbili kila chumba, anashika mmoja anayeaminika, kikikaribia kujaa hela ipo mnaita wale vijana wa pampu ya mkono wanaoingia vichochoroni na mnawauliza wanakwenda kumwaga wapi. Maji ya kisima ni ya chumvi, ogea na fulia, ya kunywa chemsha hata kama jirani anakwambia yeye anakunywa hivyohivyo tangu enzi za Mwinyi.

Mtaro ni wenu hata kama umejengwa na mradi

Hili ndilo linaniumiza kuliko yote. Manzese iliwahi kuboreshwa, watu wengi hawajui. Miaka ya 70 serikali na Benki ya Dunia walipima viwanja Sinza na Kijitonyama, na palepale jirani wakaiboresha Manzese kwa barabara, maji na mitaro. Leo Sinza ni Sinza, na Manzese wazee bado wanakuonyesha vipande vya mtaro wa zamani vilivyojaa mchanga na mifuko, juu yake mtu kajenga kibanda cha chipsi. Hananasif nao miaka ya 90 wakazi walichimba mitaro yao kwa mikono yao wenyewe, wakachangia na hela. Halafu DMDP, ule mradi wa kuendeleza jiji la Dar, ukaja 2015, mkopo wa dola milioni 300 kwa Ilala, Kinondoni na Temeke, huku kwetu tukapata lami na mitaro ya maana, na Mto Ng'ombe ukajengewa kingo za zege. Nikikumbuka ule mto ulivyokuwa na nikiuona sa hivi napata moyo sana. Ila mchanga haujui kama mtaro umegharimu bilioni, unaingia tu, miaka miwili bila kuzoa unarudi kulekule.

Namna tunavyofanya mtaani kwetu, na inaenda mwaka wa nne. Tumegawana mtaro kwa nyumba, kila nyumba kipande cha mbele yake, na mjumbe ana orodha. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunazoa. Kosa tulilofanya mwanzo ni kuutoa mchanga na kuuacha ukingoni, mvua moja tu wote ukarudi ndani, tukawa tumefanya kazi bure na watu wakakata tamaa. Sasa tunachanga sh. 500 kila kaya, tunalipa kijana wa toroli abebe sikuhiyohiyo, ule mchanga msafi kuna mafundi wanauchukua kujazia misingi, na taka zinakwenda kwenye gari la taka. Wapeni akina mama uongozi wa hili, wao ndo wanashinda nyumbani, wanajua nani anatupa pampasi saa ngapi. Kabla ya masika, kama Februari hivi, mwenyekiti aandike barua kwa mtendaji wa kata na nakala kwa diwani kueleza sehemu zilizovunjika, muambatanishe picha. Barua ikipokelewa igongwe muhuri, mbaki na nakala.

Na mkutano wa mtaa uende. Mapato na matumizi husomwa pale, miradi hutajwa pale mwanzo kabla haijafika kwenye redio. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 kuna watu walifika kituoni na kadi ya mpiga kura wakaambiwa hawamo, kwa sababu orodha ya mtaa inaandikishwa peke yake. Wakati wa kuandikisha unakuwa siku chache tu, ukisikia tangazo la kipaza sauti nenda siku hiyohiyo.

Watu

Nilipohamia nilikuwa mtu wa kutoka asubuhi kurudi usiku, salamu ya haraka, mlango nafunga. Mwezi wa tatu kukatokea msiba nyumba ya nne, mzee mmoja fundi cherehani. Nikaenda, nikakaa kwenye mkeka na wanaume wenzangu, nikatoa rambirambi elfu mbili ikaandikwa kwenye daftari na jina langu, nikabeba viti. Basi. Tangu siku ile watoto wakawa wananiita anko, mama wa vitumbua akawa ananiwekea vinne nikichelewa, na usiku mmoja wa mvua kubwa ni mjane wa yule mzee aliyenigongea dirisha saa tisa, baba amka maji yameshafika kwa Mangi. Niliokoa kila kitu. Nyumba niliyokuwa natazamana nayo walipanga vijana wasiojulikana na mtu, waliamka godoro linaelea.

Usalama nao ni hivyohivyo. Nondo dirishani weka, taa ya nje iwake usiku, mchango wa ulinzi shirikishi usikwepe, lakini kinachokulinda zaidi ni vijana wa kijiweni wakujue kwa jina. Wasalimie. Usiwaogope na usiwadharau, wengi wanabeba mizigo pale sokoni tangu alfajiri.

Lami ikija kodi inapanda

Ukiona wapima barabara wameshika vile vyombo vya miguu mitatu, usisubiri, nenda kwa mwenye nyumba wiki hiyo muongee mkataba mpya wa mwaka au miwili kwa bei ya sasa, hata kama itabidi ukope kwenye kikoba. Lami ikishamwagwa chumba cha elfu hamsini kinaitwa themanini, na yeye hana kosa, na yeye amesubiri miaka. Kama una biashara ya mbele, genge au saluni, andika mauzo kwenye daftari kila siku kuanzia leo na tafuta kitambulisho cha mfanyabiashara mdogo, siku ya kuhesabiwa daftari ndo litasema. Vikundi vya wanawake na vijana vijaribu mkopo wa asilimia kumi ya halmashauri (nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu), kikundi kiwe na katiba na akaunti, na kiwe na watu mnaojuana kweli maana mmoja akitoroka mnalipa wote.

Usiku wa mvua

Masika ikianza weka hivi vitu sehemu moja ya juu: mfuko wa nailoni wenye mkataba, vyeti vya watoto, kadi za kliniki na leseni kama unayo, tochi, chaja, na nguo moja moja ya kila mtu. Mvua ikizidi saa moja bila kupumzika amka uangalie mtaro, maji yakiwa yamebakiza kiganja kimoja kufika juu zima umeme kwenye swichi kubwa, pandisha godoro, toa watoto kwanza uwapeleke nyumba ya juu mliyokubaliana mapema, halafu rudi ugonge madirisha. Anza na kwa bibi anayekaa peke yake, kisha kwa yule mpangaji mpya ambaye bado hamjajuana.